Sehemu ya Kumi na Nne

Kipkelion
Jumapili, tarehe 8 Juni 2025

Chepkorir mwanangu,

Ni mama. Madam wa hapo rumande ya watoto aliniambia langoni kwamba barua zote husomwa kwanza ndipo mtoto apewe, kwa hivyo tuandike Kiswahili ama Kiingereza, Kikipsigis hapana kwa sababu hakielewi. Kiingereza changu unajua kiliishia darasa la tano. Basi ni Kiswahili, na Madam, kama ni wewe unasoma sasa, habari ya kazi.

Unakula? Mnalala wawili kitandani ama uko peke yako? Ile sweta ya kijani niliachia askari, uliipata? Usimpe mtu hata akilia. Kifua chako nakijua tangu uzaliwe.

Leo ni siku ya tano tangu polisi wakuchukue kwa sababu ya moto wa shule. Nikienda kwa chai mkono unachuma tu wenyewe, macho hayapo. Ijumaa karani alimwaga kikapu changu chini mbele ya watu akaniuliza, "Janeffer, hii ni chai ama ni chakula ya mbuzi?" Nilikuwa nimevunja mpaka majani mazee. Nikainama nikaanza kuchambua.

Wanasema nitakuona mara moja kwa mwezi, Madam akiwa amekaa hapo katikati yetu. Kwa hivyo nimeona nifanye kitu. Diputi wenu, naibu wa mkuu wa shule, alisema daftari lako limejaa mambo kama ya vile vitabu vyenu vya roketi, Kituo cha Tisa. Namba tatu nimeipata chini ya mto wako. Nikasema nitaisoma nielewe, ndipo nimtetee mtoto wangu. Nimeisoma jinsi ninavyochuma, kichaka kwa kichaka, sirukii. Lakini Chepkorir, mtu aliyeandika hii kitu ni mzima? Msichana anaingia kwa roketi vizuri. Ukurasa wa pili amekufa, hewa imeisha. Ukurasa wa tatu yuko hai anakunywa uji na roboti. Wa nne ametupwa nje kwa nyota. Nimefika ukurasa wa kumi na tisa, amekufa mara sita na hakuna hata mtu mmoja aliyemzika.

Nieleze polepole. Nataka kuongea na diputi.

Mama yako,
Janeffer

*

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mama,

Sweta niliipata. Tunalala wawili, huyo mwingine anapiga teke lakini ni mzuri.

Mama, hicho kitabu hakisomwi hivyo. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nije hapa, halafu nikalia. Huyo msichana ni wewe. Kitabu kinakuuliza, ukitaka kufungua mlango nenda sehemu ya 40, ukitaka kujificha nenda sehemu ya 12. Unachagua, unafungua hapo tu, zile zingine unaziacha. Ukifa unarudi mwanzo na kuchagua tofauti. Sio mtu mmoja amekufa mara sita. Ni wewe ulisoma njia sita kwa pamoja.

Vitabu viliishia namba sita. Mwandishi hakuandika tena. Kwa hivyo mimi nilianza namba saba, na Vivian alikuwa anachora. Niliweka watoto kwenye bweni huko kwa nyota, wanalindwa na mlinzi wa chuma, hawaruhusiwi kutoka. Yule mlinzi nilimpa jina la matroni wetu. Hiyo ni makosa yangu, nilikuwa nataka Vivian acheke.

Kortini walisoma sehemu ya 14 peke yake. "Ni saa tatu na nusu, wakati wa prepu. Ukitaka kuwasha moto kwenye bweni ili mlinzi aondoke mlangoni, nenda sehemu ya 22. Ukitaka kungoja asubuhi, nenda sehemu ya 31." Na moto wa kweli ulianza saa tatu na nusu, usiku ule Bilhah wa bweni letu akachomeka mikono. Hakimu aliniangalia kama mtu ambaye ameshajua. Mama, hakuna aliyesoma sehemu ya 22. Kwenye 22 anayewasha moto anakufa na wenzake wote. Ndiyo njia mbaya. Niliiandika iwe njia mbaya.

Mimi nilikuwa darasani kwa prepu, nasoma na wengine, moto ukianza. Nilisema, wakaandika, wakarudi kwa daftari.

Nina swali. Daftari sikuwa nalo. Nilikuwa nimempa Vivian wiki nzima amalizie roketi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua liko. Sasa diputi alilipata wapi? Wewe uliitwa kwa mkutano wa wazazi. Ulisikia nani alimpelekea?

Chepkorir

*

Kipkelion
Ijumaa, tarehe 20 Juni 2025

Lakwenyun, mtoto wangu,

Sasa nimejua kusoma. Nimecheza hiyo namba tatu jioni tatu. Mimi kila nikiulizwa nachagua kungoja, ama kujificha, ama kumwambia mkubwa. Na kila mara nakufa. Jana nilikufa nikiwa nimejificha kwa stoo, hata sikufanya kitu. Nikakasirika nikafunga kitabu.

Jumatano nilienda kwa diputi. Polisi walichukua daftari, yeye ana kopi ya ukurasa ule mmoja kwa faili. Nikamwambia, "Mwalimu, baada ya kumi na nne usishuke kumi na tano. Tafuta ishirini na mbili, mtoto ameandika huko kwamba moto ni mbaya." Akasema, "Mama, mimi nafundisha hesabu miaka kumi na minane, leo wewe unanifundisha kuhesabu?" Nikamwambia, "Si kuhesabu, ni kufuata. Kumi na nne inafuatwa na ishirini na mbili." Kulikuwa na mwalimu mwingine hapo, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniambia, "Mama Chepkorir, kwenu mnahesabu hivyo hata mbuzi?"

Nikatoka. Nilikuwa nimevaa kile kitambaa kizuri cha kanisa.

Diputi sikumchukia sana, kwa sababu mimi mwenyewe wiki mbili nyuma nilisoma kama yeye.

Kuhusu ni nani alipeleka daftari, mimi sijui. Hapo shuleni hawasemi. Usijichoshe na hiyo, pengine ni mtu tu alifikiri anasaidia. Kula. Wakikupa maharagwe kula yote hata kama hayakuiva. Niambie kama kifua kinasumbua.

Mama yako

*

Jumapili, 29 Juni 2025

Mama,

Kifua ni sawa.

Nimefikiria sana na sijaona mtu mwingine. Ni Vivian. Aliogopa atashikwa na picha zake, akatoa daftari mapema ili mimi nionekane peke yangu. Tumekula sahani moja tangu nasari.

Jumanne afisa wa watoto alikuja. Akaniuliza tena ni nani alianzisha hayo maneno ya moto. Nikamwambia ni Vivian. Nikasema sehemu ya 14 ni yeye alinisomea nikaandika, na nikasema nilimwona na kiberiti. Mama, ukiona vile uso wake ulibadilika. Aliniagizia chai ya maziwa na mkate. Alisema nikirudia hivyo mbele ya hakimu, mimi nitakuwa shahidi, na shahidi analala kwao.

Wacha na yeye aone vile kunakaa.

Chepkorir

*

Kipkelion
Jumapili, tarehe 6 Julai 2025

Mwanangu,

Vivian alichukuliwa Alhamisi. Walimtoa dukani kwa mama yake, alikuwa anapima sukari.

Jana huyo mama yake, Magdaline, alikuja hapa. Unajua vile huwa anaingia akiita tangu barabarani. Jana hakuita. Nilimkuta tu amesimama kando ya jiko. Nikamwambia akae, akasema, "Sitakaa, Mama Chepkorir. Nimekuja kuuliza jambo moja. Mtoto wangu amefanyia wako nini?"

Nikasema ni mambo ya polisi, mimi sijui.

"Polisi wanasema ni Chepkorir alisema."

 Akaniangalia akaniambia, "Mwaka ule wa fujo za kura, wakati duka letu lilichomwa kwa sababu ya kabila, ni nani alituficha kwa hii nyumba? Ni wewe. Ulitupa kitanda chako, Vivian hata hajazaliwa. Mimi huwa nawaambia watu, mkimtaja Janeffer mtaje polepole. Sasa niambie kitu niende nacho."  Nikampa maziwa, akaacha kibuyu hapo mlangoni.

Na watu wameanza. Kule kwa kituo cha chai mmoja alisema afadhali ni mtoto wa kabila la hao, si wetu. Alikuwa anataka kunifurahisha. Nilimwitikia kwa kichwa. Nimewaza juu ya hicho kichwa usiku na mchana.

Mwanangu nataka urudi. Wewe huwezi kujua vile nataka. Nimeosha blanketi lako mara mbili na halina uchafu. Lakini nikuulize tu, na ujibu kama unaniambia mimi: hicho kiberiti ulikiona?

Mama

*

Jumamosi, 12 Julai 2025

Mama,

Mbona unauliza hivyo kwa barua na unajua inasomwa?

Nilisema nilichosema. Yeye alinianza. Kama si yeye nipe jina la mtu mwingine. Huna. Basi.

Siku ya kesi ni Alhamisi, tarehe 24. Nikishasema, karatasi zinaandikwa, na Jumatatu inayofuata naweza kuja nyumbani. Mwambie kogo, nyanya yangu wa Sigor, kwamba nyanya yake mdogo anarudi, yeye hupenda kuniita hivyo.

Nimechoka hapa. Huyo wa kitanda changu alipelekwa miaka mitatu. Aliniacha na soksi zake.

Chepkorir

*

Kipkelion
Jumamosi, tarehe 19 Julai 2025

Chepkorir,

Hii barua nimeiandika mara nne. Madam, wewe pia soma, sina la kuficha tena.

Jina ninalo. Ni mimi.

Siku mliporudishwa nyumbani baada ya moto nilifua nguo zako. Daftari lilikuwa ndani ya sweta, limekunjwa vizuri. Vivian alikurudishia bila wewe kujua, pengine kwa zile mbio za kufunga mizigo. Nilitaka kukupa, lakini wewe ulikuwa umeenda mtoni. Nikalifungua. Niliona mistari umepiga na rula kwa wino mwekundu, na namba, moja mpaka sitini, hakuna mahali umefuta. Nikafikiri ni hesabu. Nikafikiri, huyu ndiye mtoto wangu, na sijui hata ni hesabu gani hii.

Nikalibeba kwa mkutano. Nilitaka tu kukaa nalo kwa mkoba. Diputi akasimama akasema wale waliochoma ni wale ambao hawana kazi saa ya prepu, akauliza, "Nani hapa anaweza kunionyesha mtoto wake alikuwa anafanya nini saa ya prepu?" Watu wote wakaangalia viatu vyao. Hata wale wa magari.

Nilisimama. Mimi, ambaye tangu uingie shule sijawahi kusimama kwa mkutano. Nikatembea katikati ya viti mpaka mbele, nikampa kwa mikono miwili. Nikasema, "Wangu alikuwa anaandika." Wazazi wakanipigia makofi. Nilirudi kukaa nikiwa nimefurahi sana. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tangu baba yako afariki.

Kesho yake wakaja kukuchukua.

Uliponiuliza nilisema sijui. Nilikuwa naogopa utanichukia ukiwa huko peke yako, na mtu anayemchukia mama yake huko ndani atashika nini? Halafu ukamtaja Vivian, na nikaona mlango wa wewe kutoka, nikanyamaza tena. Hiyo ya pili ndiyo mbaya. Ya kwanza ilikuwa ujinga.

Vivian hakukutoa. Sikuambii useme nini Alhamisi. Nimekuambia ni nani, sasa unajua yote ninayojua. Nitakuja kortini, nitakaa nyuma.

Mama yako

*

Jumapili, 27 Julai 2025

Mama,

Barua yako nilipewa juzi, Ijumaa. Madam alisema kesi ikibaki wiki moja, barua inayoitaja haitolewi mpaka isikizwe, ni sheria yao. Alinipa ikiwa wazi akaenda nje. Hakuniangalia.

Kwa hivyo Alhamisi nilikuwa sijui kitu. Nilisema yote. Kiberiti, sehemu ya 14, yote. Wakili wa Vivian akaniuliza kiberiti kilikuwa na rangi gani, nikasema njano. Vivian hakulia. Alikuwa ananiangalia tu vile huwa anangoja nimalize sentensi ndipo achore.

Na wewe ulikuwa umekaa nyuma na kile kitambaa cha kanisa. Nilikuona. Ulijua si yeye na ulikuwa umekaa. Nilipomaliza nikakuangalia, na ulikuwa unatabasamu.

Usije kesho. Nimemwambia afisa nitaenda kwa kogo, naye amekubali, kogo atakuja na mjomba. Usitume nguo. Soksi ninazo.

Chepkorir

*

Kipkelion
Jumapili, tarehe 10 Agosti 2025

Chepkorir,

Hii naituma Sigor kwa mkono wa mjomba wako. Hakuna Madam wa kuisoma, ningeandika kwa lugha yetu, lakini nimezoea hivi na naona lugha yetu itanifanya nilie.

Kweli nilitabasamu. Nilifikiri umeshasoma barua, umeamua kuja nyumbani. Nikasema ndani yangu, amejua na amechagua, basi si mimi. Nilifurahi, mwanangu. Siwezi kukuambia sikufurahi.

Wiki iliyofuata hakimu alimpa Vivian miaka mitatu kwa ile shule ya kurekebisha watoto. Magdaline alifunga duka.

Siku ya pili nilienda kwa afisa wa watoto nikamweleza yote, daftari, mkutano, vile nilisimama. Aliandika. Halafu akaniambia mambo ya nani alileta daftari hayabadilishi kitu. Kilichomfunga Vivian ni ushahidi wako, na anayeweza kuuondoa ni wewe peke yako, na ukiuondoa kesi yako inafunguliwa upya na unaongezewa ile ya kudanganya korti. Nikamuuliza, "Hakuna njia nyingine?" Akasema, "Mama, mimi nimekuonyesha zile ziko."

Siwezi kukuambia nenda. Nimejaribu kuandika hilo neno. Siwezi kukuambia kaa pia. Nikiwa kwa chai naamua moja, nikifika nyumbani nimeamua lingine. Uko na miaka kumi na mitano na nimekuachia kitu ambacho mtu mzima hawezi kubeba. Kogo anasema huli jioni. Kula jioni.

Kisha nilienda kwa Magdaline. Nilimwambia nikiwa nimesimama, hakuniambia nikae. Alisikiza mpaka mwisho. Nikamwomba amwambie Vivian wakati atamwona. Akasema, "Hayo maneno sitabeba. Jumamosi naenda. Utakuja uyaseme mwenyewe." Jana tukaenda. Kutoka Kipkelion mpaka kule hakunisemesha, lakini pale langoni askari alipouliza mimi ni nani wa mtoto, yeye ndiye alijibu. Alisema, "Ni jirani."

Vivian amekonda. Wamemnyoa. Nilimweleza daftari nililitoa mimi, na wewe ulifikiri ni yeye, na ndiyo maana. Aliitikia kila mahali kama mtu anayesikiza mwalimu. Mama yake alikuwa anaangalia dirisha. Nilipomaliza hakuniuliza juu ya diputi wala hakimu, hata kama utabadilisha maneno yako hakuniuliza. Alivuta mikono ndani ya sweta akaniuliza, "Mama Chepkorir, Chep ametuma salamu?"

Nikamwambia ndiyo, amekusalimia sana.

Hukutuma. Nimekuambia mimi, usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Mama yako,
Janeffer